Mjukuu wa mama mwenye nyumba na kifungu cha 27

Jumapili, saa nne usiku, Mabatini

Najua nimepotea. Wiki mbili hizi zilikuwa test juu ya test, madesa yametapakaa kitandani mpaka pa kulala hakuna, na bumu lilichelewa kama kawaida yake. Leo nilipanga niwaletee vituko vya prezentesheni ya Ijumaa (wenyewe mnajijua), lakini kuna jambo limenikaa kichwani wiki nzima, na nisipoliandika sitalala. Ni refu kidogo. Chota chai kwanza.

Wengi mnapajua ninapokaa. Geto langu liko Mabatini juu, kule ambako nyumba zinapanda mlima katikati ya mawe, ukidondosha sufuria linakwenda kumsalimia jirani wa chini. Mama mwenye nyumba wetu anauza dagaa. Alfajiri yuko Mwaloni kule Kirumba, saa mbili asubuhi keshapanga mafungu yake huku chini kando ya barabara. Anaye mjukuu wa kike, miaka tisa. Alipokuwa na miaka mitatu aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, masikio hayakupona. Mtaani wanamwita Bubu na yeye hajui kama anaitwa hivyo. Ila mpe elfu tano kwa dagaa wa elfu mbili na mia tano, chenji inarudi kabla hujafunga mfuko.

Mtoto huyo hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa kwanza, bibi yake alimpeleka kumwandikisha. Shule siitaji, na mwalimu aliyewapokea hakuwa mkorofi hata kidogo. Alisema tu, "Mama, hapa hatuna mwalimu wa lugha ya alama, mtoto atakuwa anaangalia ubao tu. Mpeleke shule maalumu." Shule maalumu maana yake ni bweni, mbali. Bibi akauliza swali moja: "Akiumwa usiku atamwambia nani, kwa lugha gani?" Wakarudi nyumbani. Hadi leo.

Basi Jumatatu iliyopita mama akanikalisha kwenye ndoo nje ya chumba chake. "Wewe mwanangu si unasoma sheria? Sheria yenu inasemaje juu ya huyu?"

Nikamwambia, mama nitaangalia, nitakuletea jibu. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Mwaka wa tatu huu nasoma sheria, nimefanya katiba, nimefanya haki za binadamu, nikagundua kwamba swali la muuza dagaa siwezi kulijibu. Nikaingia maktaba nikapiga msuli. Nimetoka huko na historia nzima, na ndiyo hii nawapa.

Mwanzoni hakukuwa na sheria, kulikuwa na kanisa. Mwaka 1950 Waanglikana walifungua shule ya watoto wasioona Buigiri, Dodoma. Baada ya uhuru yakafuata madhehebu mengine: Wakatoliki walianzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, Walutheri wakawa na shule ya wasioona Irente kule Lushoto. Watu wakubwa wametoka kwenye shule hizo na sina la kuzibeza. Lakini angalia msimamo wa mtoto kisheria. Anasoma kwa sababu kuna padri au mchungaji amemhurumia. Huruma ikihamishiwa parokia nyingine, au wafadhili wa Ulaya wakipunguza hela, mtoto hana pa kudai. Na kama umezaliwa Mwanza, halafu shule iko Dodoma, basi ni suala la nauli.

Sasa njooni huku kwetu kwenye ziwa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikatoa azimio kwamba watoto wote wa umri wa kuanza shule wawe darasani ifikapo mwaka 1977. Mpango wa awali ulikuwa kufika huko mwaka 1989! Ndipo wazazi wetu wakasoma chini ya miembe, wakafundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba juzi yake. UPE ile tunaicheka (Ualimu Pasipo Elimu, nani kasahau), lakini ilifanya jambo kubwa: ilifanya shule iwe ya kila mtoto. Na mwaka 1978 Bunge likatunga Sheria ya Elimu, Namba 25, ambayo pamoja na viraka vyake ndiyo inayotumika mpaka leo. Inasema ni lazima kila mtoto aliyefikisha miaka saba na ambaye hajafikisha kumi na tatu aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie. Mzazi akizembea ni kosa.

Kila mtoto. Nilipofika hapo nikashangilia peke yangu maktaba, nikajua nimemaliza kazi. Kumbe bado.

Endelea kusoma mpaka kifungu cha 56. Pale inasema kila raia anastahili elimu ya aina na kiwango ambacho uwezo wake unamruhusu. Halafu inasema mtu asinyimwe elimu kwa sababu tu ya rangi yake, dini yake, au imani yake ya kisiasa au kiitikadi. Tafuta ulemavu kwenye orodha hiyo. Haumo. Na neno "uwezo" limekaa pale limekunja nne. Nani anapima uwezo wa mtoto asiyesikia? Mwalimu ambaye hajui kuongea naye. Kwa hiyo sheria ile ile inamlazimisha mzazi alete mtoto, na inampa mwalimu neno la kumrudishia.

Linganisheni na wenzetu Marekani miaka hiyo hiyo. Kule kabla ya sheria kulikuwa na kesi. Wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili walilishtaki jimbo la Pennsylvania mwaka 1971. Kesi nyingine ya Washington, inaitwa Mills, ikaamuliwa mwaka 1972. Bodi ya elimu ilijitetea kwamba fedha hazitoshi. Mahakama ikajibu kwamba kama fedha hazitoshi, basi upungufu ugawanywe, usimwangukie mtoto mwenye ulemavu peke yake. Soma tena hiyo sentensi. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1975, Rais Ford akasaini sheria ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu: hakuna kurudisha mtoto, kila mmoja aandaliwe mpango wake wa kujifunza, na mzazi asiyeridhika ana pa kukata rufaa. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya sheria yetu ya 1978.

Sasa kwa nini wazazi wa Tanzania hawakwenda mahakamani kama wale wa Pennsylvania? Hapa ndipo wanasheria wenzangu mnisikilize. Katiba yetu ya 1977 inataja elimu kwenye ibara ya 11: kila mtu ana haki ya kujielimisha, na raia yuko huru kutafuta elimu mpaka upeo wowote "kulingana na stahili na uwezo wake". (Uwezo huyo tena! Anatufuata.) Lakini ibara ya 11 imewekwa kwenye sehemu ya malengo ya taifa, na ibara ya 7 inasema wazi kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Haki ya kuishi ipo kwenye sehemu nyingine, ile ya haki za binadamu iliyoingizwa mwaka 1984, unaweza kuidai kortini. Elimu ikabaki kule kwenye malengo. Hata ibara ya 13 inayokataza ubaguzi inataja kabila, dini, rangi, pahala mtu alipotoka, jinsia, hali ya maisha. Ulemavu hautajwi kwa jina. Kwa hiyo bibi mwenye mjukuu kiziwi, hata angekuwa na wakili, angefika mlangoni pa mahakama na kukuta Katiba yenyewe imekaa pale inamwambia rudi bungeni.

Bunge nalo liliamka kidogo. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa mwaka wa kimataifa wa watu wenye ulemavu, na mwaka uliofuata tukapata sheria mbili kwa mpigo. Namba 2 ya 1982 ilihusu ajira. Namba 3 ya 1982 ilihusu matunzo. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifikirisha, maana inagawa jukumu la kumtunza mtu mwenye ulemavu: familia, ndugu, serikali za mitaa, serikali kuu, mashirika. Anza na familia. Ukiisoma unaona picha ya mtu aliyekaa kwenye kigoda uani akisubiri uji. Anatunzwa. Hakuna anayemuuliza atasoma nini.

Hata lugha ya wakati ule ndiyo hiyo. Kilema, kipofu, kiziwi, kiwete, wote tumewaweka kwenye ngeli moja na kiti na kikapu. Mwalimu wangu wa Kiswahili sekondari alikuwa akisema ngeli haina hatia, wenye hatia ni watumiaji, sijui. Ila viziwi wenyewe walipounda chama chao miaka ya 1980 walikiita Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, bila aibu. Mimi nawafuata wao, kwa hiyo mkiona nimeandika kiziwi msinirukie.

Miaka ya tisini naipita haraka. Kuna Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995, kuna mazungumzo mengi ya "elimu jumuishi", na chuo cha ualimu Patandi, Arusha, kilikuwa kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Sera ni nzuri lakini sera huwezi kuishtakia mtu. Kubwa la muongo ule lilitokea mbali: Juni 1994, Salamanca, Uhispania, serikali 92 zilikubaliana chini ya UNESCO kwamba shule ya kawaida ndiyo impokee kila mtoto. Naomba mkumbuke hiyo Salamanca, nitairudia. Kisha ada ya shule ya msingi ikafutwa, mwaka 2002 MMEM ikaanza, madarasa yakafurika, na mwaka 2004 ikaja sera ya taifa ya watu wenye ulemavu.

Halafu ikaja ile miaka ambayo sisi wa Kanda ya Ziwa hatupendi kuiongelea.

Kuanzia 2007 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, Mwanza, Shinyanga, Geita, kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka mtoto mmoja wa mtaani kwetu alivyoacha kuja kucheza, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Serikali ikawakusanya watoto kwenye shule zenye mabweni. Hapa mkoani ilikuwa Mitindo, kule Misungwi, shule iliyokuwa na watoto wasioona. Shinyanga ilikuwa Buhangija. Watoto walikuwa hai, na hilo ndilo lililotakiwa. Lakini wengine walikaa miaka, wakawasahau wadogo zao, na wapo ambao nyumbani hawakufuatwa tena.

Angalieni tarehe sasa. Zanzibar ilishatunga sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Mwaka huo huo, Desemba, Umoja wa Mataifa ukapitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na ibara yake ya 24 inasema mtu asitengwe na mfumo wa kawaida wa elimu kwa sababu ya ulemavu. Mwaka 2008 Rais Kikwete akamteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Novemba 2009 Tanzania ikauridhia mkataba ule, na mwaka huo huo ikatoka Sheria ya Mtoto pamoja na mkakati wa taifa wa elimu jumuishi. Yaani karatasi za Dodoma na Dar zinasema watoto wachanganywe, wakati huku Misungwi watoto wanawekwa nyuma ya uzio ili wasiuawe. Zote mbili zilikuwa kweli kwa wakati mmoja. Ndiyo maana huwa nasita mtu akiniambia shule maalumu ni ubaguzi, nukta. Kuna waliookolewa na uzio.

Mwaka 2010 ndipo ikaja sheria yenyewe: Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9. Ilizifuta zile mbili za 1982. Elimu iko kifungu cha 27, na kwa mara ya kwanza Bara mtoto mwenye ulemavu ametajwa na sheria kama mwenye haki sawa ya kupokelewa shule, ya umma au ya binafsi. Inasema asome shule ya kawaida, na akiwa pale apewe huduma anazohitaji na mwalimu mwenye sifa au aliyepangiwa kazi hiyo. Mmeona tulipotoka? 1950 mzigo uko kwa kanisa. 1982 uko kwanza kwa familia. 2010 uko kwa shule. Miaka sitini mzigo umetembea mpaka ukafika unapotakiwa.

Sasa. Ijumaa jioni nikampelekea mama jibu lake. Sheria hii ilitungwa kwa Kiingereza (Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria tangu marekebisho ya 2021, kabla ya hapo mwananchi aliweza kuhukumiwa kwa lugha asiyoijua), kwa hiyo nilikuwa namtafsiria huku namsomea kwenye simu. Amekaa anachambua dagaa, mjukuu yuko mlangoni anatuangalia midomo. Nikasoma: kila mtoto mwenye ulemavu atasoma shule ya kawaida ya umma au ya binafsi... nikanyamaza.

"Mbona umenyamaza?"

Kwa sababu sentensi haijaishia hapo. Inaendelea: isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu.

Mawasiliano maalumu ni nani kama si huyu mtoto mlangoni? Asiyetembea, sheria imemwingiza. Mwenye ualbino, imemwingiza. Kiziwi imemwachia mlango wa nyuma, na mwalimu yule wa miaka miwili iliyopita, bila kujua hata namba ya kifungu, alimtoa kwa mlango huo huo.

Nilikasirika sana Ijumaa. Jumamosi nikarudi maktaba kutafuta nani aliyeweka maneno yale, nikakutana na Salamanca tena. Tamko lile lile linalosema shule iwe ya wote linasema pia kwamba kwa viziwi, kwa sababu ya mawasiliano yao, huenda shule maalumu au madarasa maalumu yakawafaa zaidi. Na si maneno ya wababe. Viziwi wengi duniani wanazitetea shule zao, kwa sababu kule ndiko lugha yao iliko. Mwaka 1880 walimu walikutana Milan, Italia, wakaamua lugha ya alama isitumike kufundishia, watoto walazimishwe kusoma midomo, na viziwi wanaikumbuka siku hiyo kama msiba. Mtoto mmoja asiyesikia katikati ya darasa la watoto mia wanaosikia, bila mtu hata mmoja wa kuongea naye, huyo hajajumuishwa. Amepewa dawati tu.

Kwa hiyo ile "isipokuwa" haikuwekwa kwa ubaya. Iliwekwa kwa kudhani kwamba mtoto akitoka shule ya kawaida kuna pengine pa kumpokea, panapofikika, penye mwalimu wa alama. Hapo ndipo naona waliotunga sheria walikosea: walimwambia mtoto pa kutoka, hawakuiambia halmashauri ni lazima iwe na pa kumpeleka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa haukuacha hivyo. Ibara ya 24 inazitaka nchi ziajiri walimu wanaojua lugha ya alama, wakiwemo walimu wenye ulemavu wenyewe. Yaani mwalimu amfuate mtoto. Kifungu chetu kinaweza kusomwa hivyo pia, kwa sababu maneno ya "huduma anazohitaji" na "mwalimu aliyepangiwa" yamo humo humo. Lakini kinaweza pia kusomwa kama kilivyosomwa hapa mtaani, na mpaka sasa ni usomaji huo ulioshinda.

Nimemweleza mama yote haya, kwa kifupi zaidi ya nilivyowaeleza nyie. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo sheria inasema aende shule, ila yeye asiende."

Nikasema, mama, inasema aende, na wao watafute mwalimu. Ila inabidi tuwaambie.

"Tuwaambie lini?"

Kesho Jumatatu saa tatu tunakwenda ofisi ya elimu, mimi na yeye na mtoto. Nimeandika barua ya kurasa mbili, nimenukuu kifungu cha 27, Sheria ya Mtoto na ibara ya 24. Tunaomba mambo mawili: watuambie darasa la viziwi lililo karibu ambalo mtoto anaweza kwenda na kurudi jioni, na kama halipo watuandikie kwa barua kwamba halipo. La pili nadhani watalikataa, ndiyo maana nalitaka. Nina kipindi saa nne, kwa hiyo yeyote atakayekuwa darasani anisainie mahudhurio, tafadhali. Mnajua mwandiko wangu.

Mtoto ameshaambiwa, sijui bibi yake alimwambiaje, maana ishara zao ni za nyumbani, wamezitunga wenyewe wawili. Ila nilipotoka kuanika nguo jioni nimemkuta amekaa kwenye jiwe letu la mlangoni na daftari langu la zamani la mbinu za utafiti, kurasa za nyuma ambazo sikuandika, anajaza namba. Moja mpaka mia moja na ishirini na kitu. Saba anaiandika kinyume.

Nitawaambia ilivyokwenda.